Nembo ya Tovuti: Programu Ipi Inalipa?

NEMBO ya tovuti ni mali ya biashara kama zilivyo mizani, kaunta na gari la kubebea mizigo. Tofauti yake ni kwamba haishikiki, na kwa sababu hiyo wafanyabiashara wengi huinunua bila kuipima. Hulipa, hupokea picha moja kwenye simu, huiweka kwenye tovuti, kisha baada ya mwaka mmoja au miwili hugundua kuwa walichonunua hakiwezi kuchapwa kwenye mfuko wa bidhaa wala kukuzwa kwenye bango la duka.

Mara nyingi hasara hiyo haitokani na mchoraji kukosa kipaji. Inatokana na programu ya kompyuta iliyotumika na aina ya faili alilokabidhiwa mwenye mali. Somo la wiki hii linaeleza namna ya kuchagua programu hiyo, gharama zake za wazi na zilizojificha, na mambo ambayo mfanyabiashara hana budi kuyadai hata kama hatagusa kompyuta yeye mwenyewe.

NUKTA NA MISTARI

Programu za michoro zimegawanyika katika makundi mawili makubwa. Kundi la kwanza huchora kwa nukta. Picha yake ni kama mkeka wa shanga: ukitazamwa kwa mbali huonekana ua, ukisogelewa huonekana shanga moja moja. Photoshop, iliyoingia sokoni mwaka 1990, imo katika kundi hili. Imo pia GIMP, ambayo ilianzishwa mwaka 1995 na wanafunzi wawili wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, na ambayo hutolewa bure. Programu hizi ni nzuri sana kwa kusafisha picha za bidhaa zilizopigwa kwa kamera.

Kundi la pili huchora kwa mistari, na mafundi huita michoro yake vekta. Humo faili halihifadhi shanga bali maelezo: duara lina kitovu mahali fulani, nusu kipenyo kiasi fulani, na rangi fulani. Kila faili linapofunguliwa, kompyuta husoma maelezo hayo na kuchora upya kwa ukubwa unaotakiwa. Illustrator ya mwaka 1987, CorelDRAW ya Kanada iliyotoka mwaka 1989 na Inkscape iliyoanza mwaka 2003 zote ni za kundi hili.

Umuhimu wa tofauti hii unaonekana kwa hesabu ndogo. Ichukuliwe nembo ya nukta yenye upana wa nukta 200, ambao unatosha kwenye kichwa cha tovuti. Uchapaji mzuri wa karatasi huhitaji takriban nukta 300 katika kila inchi. Kwa hiyo nembo hiyo itatoka safi ikiwa na upana wa sentimeta 1.7 tu, yaani ndogo kuliko stempu ya barua. Ikivutwa ili ijaze bango lenye upana wa mita 3, kila nukta itakuwa mraba wa milimeta 15, karibu sawa na ukucha wa kidole gumba. Mteja atakayepita barabarani ataona ngazi za vigae badala ya herufi.

Nembo ya mistari haina tatizo hilo. Faili lilelile linafaa kwenye tovuti, kwenye kadi ya biashara na kwenye ubavu wa lori. Aidha, mashine ya kukatia stika za magari na ile ya kutarizi fulana hufuata mstari. Zikipewa picha ya nukta, lazima fundi aichore upya kwanza, na kazi hiyo hulipiwa.

Kanuni ya kwanza kwa hiyo ni hii: programu ya nukta ni ya picha, programu ya mistari ni ya nembo. Anayechoresha nembo kwa Photoshop pekee amenunua nguo isiyoweza kulegezwa wala kubanwa.

KISA CHA GOOGLE

Kampuni ya Google ya Marekani ni mfano mzuri wa jinsi nembo ya tovuti inavyokua pamoja na biashara. Mwaka 1998, kampuni ikiwa changa, mmoja wa waanzilishi wake wawili, Sergey Brin, alichora nembo ya rangi kwa kutumia GIMP, programu ya bure. Nembo iliyofuata muda mfupi baadaye ilikuwa na alama ya mshangao mwishoni, kama ile ya Yahoo! iliyokuwa na jina kubwa wakati huo.

Hali hiyo haikudumu. Mwaka 1999 kampuni iliweka nembo iliyochorwa na msanifu Ruth Kedar, na alama ya mshangao ikaondoka. Muundo wake, pamoja na marekebisho ya hapa na pale, ndio uliojulikana duniani kote wakati hisa za kampuni zilipouzwa kwa umma kwa mara ya kwanza mwezi Agosti 2004 kwa dola 85 za Marekani kila moja.

Tarehe 1 Septemba 2015 nembo ilibadilishwa tena. Safari hii sababu kubwa ilikuwa vioo: wateja hawakuwa tena mbele ya kompyuta ya mezani peke yake, bali walitumia simu, saa na vyombo vingine vidogo, wengine wakiwa kwenye mitandao ya kasi ndogo. Herufi zenye vikia ziliondolewa, zikaja herufi nyepesi zilizojengwa kwa maumbo ya kawaida kama duara na mstari. Kwa kuwa maumbo hayo huelezeka kwa maneno machache, wasanifu waliweza kutengeneza toleo lenye uzito wa baiti 305 tu, wakati nembo iliyotangulia ilikuwa na takriban baiti 14,000. Hiyo ni nafuu ya mara 46 hivi.

Mfanyabiashara mdogo anaweza kuchota mafunzo mawili hapo. Kwanza, si aibu kuanza na programu ya bure, maana hata walioanza nayo walifika mbali. Pili, wepesi wa umbo una thamani ya fedha. Nembo yenye vivuli, mng'ao na maua kumi huwa nzito kwenye tovuti, hufifia ikipunguzwa, na hula wino mwingi ikichapwa.

Uzito huo hulipwa na mteja. Ichukuliwe tovuti inayopata wageni wapya 5,000 kwa mwezi. Nembo ya nukta yenye kilobaiti 400 itawafanya wageni hao wapakue jumla ya gigabaiti 2 kwa ajili ya nembo peke yake. Nembo ya mistari yenye kilobaiti 10 itatumia megabaiti 50. Mteja anayenunua bando la siku kwa shilingi chache huona tofauti hiyo pale ukurasa unapokataa kufunguka, naye huhamia duka la jirani.

BIDHAA ZILIZOKO SOKONI

Illustrator ya kampuni ya Adobe ndiyo inayotumiwa na mashirika mengi makubwa ya matangazo. Ina kila chombo kinachohitajika, lakini haiuzwi moja kwa moja; hukodishwa kwa mwezi au kwa mwaka. Kwa mwenye duka anayehitaji nembo moja, kuikodi mwaka mzima ni kama kununua trekta ili kulima bustani ya mchicha.

CorelDRAW imezoeleka sana katika maduka ya uchapaji ya Afrika Mashariki. Faida yake ni kwamba fundi wa kuchapa hulifungua faili bila kuuliza maswali. Ubaya wake ni kwamba faili lake la asili, lenye herufi CDR mwishoni, halifunguki vizuri katika kila programu nyingine.

Affinity ya Uingereza ilijipatia wateja kuanzia mwaka 2014 kwa kuuzwa mara moja bila malipo ya kila mwezi. Kampuni inayoitengeneza, Serif, ilinunuliwa na Canva ya Australia mwaka 2024, na mwezi Oktoba 2025 programu hiyo ikatangazwa kutolewa bure. Kwa mwenye kompyuta ya kisasa, hiyo ni fursa ya kutazamwa.

Inkscape ni ya bure tangu ilipoanza, na haina mmiliki mmoja anayeweza kuifunga. Faili lake la asili ni SVG, aina ileile inayosomwa na vivinjari vya intaneti, hivyo kwa nembo ya tovuti inafaa mno. Kasoro yake inayojulikana ni kwamba ilijengwa zaidi kwa ajili ya rangi za kioo kuliko rangi za wino. Kioo huchanganya nyekundu, kijani na buluu, wakati mashine ya uchapaji huchanganya wino wa aina nne. Anayeitumia hana budi kumwomba fundi wa kuchapa karatasi moja ya majaribio kabla ya kuchapa mifuko elfu tano.

Canva yenyewe, iliyofunguliwa mwaka 2013, hutumika hata kwa simu na haihitaji mafunzo marefu. Imewasaidia wengi kutengeneza matangazo ya siku. Kwa upande wa nembo kuna tahadhari mbili. Ya kwanza ni kwamba kupakua faili la SVG ni huduma ya wanaolipia. Ya pili, ambayo ni nzito zaidi, inahusu sheria na imeelezwa hapa chini.

KUNUNUA AU KUKODI

Bei ya programu isisomwe kwa mwezi mmoja. Nembo hutumika kwa miaka mingi, kwa hiyo gharama ipigwe kwa angalau miezi 36. Kwa mfano wa hesabu tu, programu ya kukodi kwa Sh. 60,000 kwa mwezi itagharimu Sh. 2,160,000 kwa miaka mitatu. Programu ya kununua mara moja kwa Sh. 500,000 inaonekana ghali siku ya kwanza, lakini mwezi wa tisa tu ile ya kukodi huwa imekwisha ipita, kwani wakati huo imefikia Sh. 540,000.

Kwa programu ya bure, gharama ni muda wa kujifunza. Mfanyabiashara anayepoteza wiki mbili akijifunza huku duka limefungwa, amelipa. Katika hali hiyo ni nafuu kumlipa mchoraji, mradi tu akabidhi mafaili yote.

Wapo wanaokimbilia nakala za wizi zinazouzwa kwa bei ya soda. Hizo si nafuu. Tanzania ina Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, na Kenya ina Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 2001, na zote mbili zinalinda programu za kompyuta. Mbali na sheria, nakala hizo ni njia inayopendwa na wasambazaji wa virusi. Kompyuta inayotengeneza nembo mara nyingi ndiyo hiyohiyo inayohifadhi daftari la wadaiwa na nywila ya benki.

FAILI LIBAKI MIKONONI MWA NANI?

Historia ya soko hili inaonyesha kuwa programu hufa. FreeHand ilikuwa mpinzani mkubwa wa Illustrator katika miaka ya 1990. Mwaka 2005 Adobe iliinunua kampuni ya Macromedia iliyokuwa ikiitengeneza, na mwaka 2007 ikatangaza kuwa haitaiendeleza. Waliokuwa na kazi za miaka mingi ndani ya programu hiyo walilazimika kuzihamisha. Teknolojia ya Flash, ambayo wakati mmoja ilitumika kwa nembo zinazocheza kwenye tovuti, ilifungwa mwishoni mwa mwaka 2020.

Hata aina ya faili inaweza kuwa mtego. Picha za GIF zilianzishwa na CompuServe mwaka 1987 na kuenea haraka. Mwishoni mwa mwaka 1994 ikatangazwa kuwa njia iliyotumika kuzibana ina hataza ya kampuni ya Unisys, na watengenezaji wa programu wakatakiwa kulipia leseni. Zogo hilo ndilo lililozaa PNG, aina iliyo huru, ambayo ilipitishwa na shirika la viwango vya mtandao, W3C, mwaka 1996. Hataza ya Unisys nchini Marekani ilikwisha mwaka 2003, lakini wakati huo wengi walikuwa wamekwisha kuhama.

Dawa ya matatizo haya ni kudai nembo katika aina zilizo wazi kwa wote. SVG, iliyopitishwa na W3C mwaka 2001, ni kwa ajili ya tovuti. PDF, ambayo imekuwa kiwango cha kimataifa tangu mwaka 2008, ni kwa ajili ya wachapaji. PNG yenye mandhari tupu ni kwa ajili ya barua na mitandao ya kijamii. JPEG ni nzuri kwa picha za kamera, lakini haiwezi kuwa na mandhari tupu. Nembo ya JPEG ikiwekwa juu ya rangi hubaki ndani ya kisanduku cheupe, kama kiraka.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Mafaili hayo yahifadhiwe sehemu mbili tofauti, pamoja na karatasi inayotaja namba za rangi na jina la mwandiko uliotumika. Ikiwa yanatumwa kwa WhatsApp, yatumwe kama waraka na si kama picha, kwa sababu picha hubanwa njiani na kupoteza ubora.

VIOLEZO, HERUFI NA SHERIA

Nembo isiyoweza kusajiliwa ni nyumba isiyo na hati. Nchini Tanzania Bara alama za biashara husajiliwa na BRELA chini ya sheria ya mwaka 1986; Zanzibar ina msajili wake, na Kenya kazi hiyo hufanywa na KIPI. Usajili wa kwanza Tanzania Bara hudumu miaka 7 na huhuishwa kwa miaka 10 kila mara. Kenya huanza na miaka 10.

Ili isajiliwe, alama inapaswa kutofautisha bidhaa za mmoja na za mwingine. Hapo ndipo violezo vinapoleta taabu. Anayechukua jani la karafuu kutoka katika ghala la michoro la programu anatumia jani ambalo wateja wengine wa programu hiyo wanaruhusiwa kulitumia pia. Masharti ya Canva yenyewe yanasema michoro yake ya ghala haiwezi kuwa alama ya biashara ya mtu mmoja. Msafirishaji wa viungo anaweza kujenga jina kwa miaka mitano, kisha akakuta mshindani ana jani hilohilo kwenye pakiti zake, na asiwe na la kumfanya.

Michoro inayotolewa na kompyuta yenyewe kwa akili bandia ina mashaka yanayofanana. Nchini Marekani ofisi ya hakimiliki ilieleza mwaka 2023 kuwa kazi isiyo na mkono wa binadamu katika ubunifu wake hailindwi. Anayelenga soko la huko azingatie hilo.

Herufi nazo zina wenyewe. Baadhi ya miandiko ni bure kwa matumizi ya nyumbani lakini hulipiwa ikitumika kibiashara. Leseni isomwe kabla ya kazi kuanza. Kisha, kazi ikikamilika, maneno yaliyomo kwenye nembo yageuzwe kuwa maumbo. La sivyo kompyuta ya mchapaji isiyo na mwandiko huo itaweka mwingine wowote iliyo nao.

Kama nembo inachorwa na mtu wa nje, mkataba wa ukurasa mmoja unatosha kueleza kuwa haki zote zinahamia kwa mteja baada ya malipo, na kwamba faili la asili ni sehemu ya kazi.

FUNZO KWA MWENYE HISA

Jambo linalombana mnunuzi wa programu linaweza kumfurahisha mwenye hisa. Mwaka 2013 Adobe ilitangaza kuwa matoleo mapya ya programu zake za usanifu yatakodishwa tu. Mapato yake ya mwaka, yaliyokuwa dola bilioni 4.4 mwaka 2012, yalishuka hadi takriban bilioni 4.1 mwaka 2013, na wengi walitilia shaka uamuzi huo. Kufikia mwaka 2024 yalikuwa dola bilioni 21.5. Kodi ndogo inayolipwa kila mwezi na watu wengi ilizidi bei kubwa iliyolipwa mara moja.

Hata hivyo ukubwa una mipaka. Mwezi Septemba 2022 Adobe ilitangaza kuinunua Figma kwa dola bilioni 20. Wasimamizi wa ushindani wa Ulaya na Uingereza walipinga, mpango ukavunjwa Desemba 2023, na Adobe ikalipa fidia ya dola bilioni 1. Figma iliingia soko la hisa la New York mwezi Julai 2025 ikiwa huru. Kwa mwekezaji mdogo, swali la kuuliza kuhusu kampuni ya programu ni lilelile analouliza mwenye duka: mteja akichoka, anaweza kuondoka na mafaili yake? Akiweza kwa urahisi, faida ya kampuni haina ukuta wa kuilinda.

KABLA YA KULIPA

Kwa muhtasari, mwenye biashara ndogo anayeanza anaweza kuridhika na Inkscape au Affinity. Anayechapa sana azungumze kwanza na mchapaji wake kuhusu CorelDRAW. Illustrator imfae yule mwenye kazi za kila siku za usanifu. Canva itumike kwa matangazo, na nembo ichorwe mahali pengine.

Bila kujali programu iliyochaguliwa, kuna jaribio moja lisilogharimu chochote. Faili lifunguliwe na kukuzwa hadi asilimia 800. Ukingo wa herufi ukibaki laini, hiyo ni nembo ya mistari. Ukionyesha ngazi ngazi, ni picha ya nukta, hata kama jina la faili linaishia na PDF au SVG, kwa maana wapo wachoraji wanaochukua picha ya nukta na kuifungia humo. Jaribio hilo lifanywe mbele ya mchoraji, kabla ya malipo ya mwisho kutoka mfukoni.